Muvi tuliyoidharau ndiyo iliyotukosha: ni muvi au ni sisi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tunapenda muvi za ngumi na za kuchekesha. Juzi kati alijaziwa flashi na kijana wa pale mtaani, na ndani yake ilikuwemo John Wick ya kwanza, ambayo wote wawili hatukuwahi kuiona. Nilipoambiwa ni habari ya mtu anayelipiza kisasi kwa sababu ya mbwa, nikacheka. Tukaiweka bora liende, tukisubiri usingizi. Usingizi haukuja. Wiki hiyo hiyo tukaweka 21 Jump Street tukidhani ni ya watoto wa shule, tukacheka mpaka jirani akatugongea ukuta. Halafu ikatoka ile tuliyoisubiri mwaka mzima. Mume wangu alikuwa safarini Dodoma, basi kila mmoja akaiangalia kwenye simu yake, na wote tukaishia katikati. Sasa yeye anasema siri ni kutotarajia kitu: ukishusha matarajio, kila muvi inakuwa tamu. Mimi nakataa, nasema zile mbili ni nzuri tu. Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, nyote mna hoja, ila yako ni nzito zaidi. Nitaanza na ya mume wako, asije akasema tumempangia.

Kwamba mtu hufurahi zaidi anapopata asichokitegemea, hilo limepimwa hadi ndani ya ubongo. Mwaka 1997 Wolfram Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu sana kuhusu seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusishwa na raha na hamu. Schultz alikuwa amewachunguza kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Kima akipewa juisi bila kutegemea, seli zile zinachangamka. Akishazoea kwamba ishara fulani ikitokea juisi inafuata, seli zinachangamka kwenye ile ishara, na juisi yenyewe ikija hazishtuki tena. Ishara ikitokea halafu juisi isije, zinanywea kuliko kawaida, na zinanywea wakati uleule ambao tone lilitakiwa kuingia mdomoni. Sasa weka trela mahali pa ishara na muvi mahali pa juisi. Raha ya ile muvi mliyoisubiri mwaka mzima mlishaila kwenye trela, kwenye mabango na kwenye maneno ya watu. Ilipokuja yenyewe ilikuwa inadaiwa, na mdaiwa hashangiliwi hata akilipa deni lote.

Hapo mume wako anapata alama zake. Lakini hesabu ile ina pande mbili: ulichopata, ukitoa ulichotarajia. Yeye anaangalia upande mmoja. Ukitarajia sifuri ukapewa sifuri, jibu ni sifuri. Muulize ni muvi ngapi kwenye flashi ileile mliziweka bora liende, zikawa mbovu kweli, mkazizima mapema. Hazikumbuki, na wewe huzikumbuki, kwa sababu muvi mbovu iliyotarajiwa kuwa mbovu haina cha kusimulia. Zinazobaki kichwani ni zile zilizowashangaza. Mtu akihesabu hizo peke yake lazima ataona kama dharau ndiyo inayotia utamu.

Na kuna la pili linalomharibia hoja. Mwaka 1989 Timothy Wilson na wenzake huko Marekani walichapisha majaribio ambayo ndani yake watu walionyeshwa katuni za kuchekesha. Walioambiwa mapema kwamba katuni hizo zinachekesha walizifurahia zaidi kuliko ambao hawakuambiwa. Yaani matarajio makubwa yaliwaongezea kicheko! Na kinyume chake kipo mitaani kwetu kila siku: anayekaa mbele ya muvi ameshaamua ni upuuzi, atauona upuuzi, na asipouona atautafuta.

Haya mambo mawili yanakaaje nyumba moja? Yanategemea ukubwa wa pengo. Muvi ikipishana kidogo na ulichotarajia, matarajio yanaivuta upande wake na wala hutambui kwamba kulikuwa na pengo. Ikipishana nayo kwa mbali mno, kiasi cha kukushtua kwenye kochi, ndipo unarukia upande wa pili na kuisifia kuliko ambavyo ungeisifia ukiwa na matarajio ya kawaida. Kwa hiyo dharau huiangusha muvi ya wastani na kuipandisha muvi nzuri sana. Dawa ya mume wako inafanya kazi pale tu ambapo hoja yako wewe ni ya kweli.

Basi swali linalobaki ni kama zile mbili ni nzuri sana kweli, au mlikuwa mmechoka tu na chochote kingetosha.

Nianze na John Wick. Ilipotoka Oktoba 2014, hata huko Marekani si wengi waliokuwa wanaisubiri. Keanu Reeves alikuwa ametoka kwenye 47 Ronin, picha ya gharama kubwa mno iliyokula hasara mwaka mmoja nyuma yake. Waongozaji walikuwa Chad Stahelski na David Leitch, ingawa Leitch hakuandikwa kama mwongozaji, na hawa walikuwa hawajawahi kuongoza filamu ndefu. Kazi yao ilikuwa kuanguka, kugongwa na magari na kurushwa madirishani kwa niaba ya waigizaji. Stahelski ndiye aliyekuwa akichukua nafasi ya Reeves kwenye matukio ya hatari ya The Matrix, 1999. Na kisa chenyewe ukikisimulia kwa sentensi moja, kama ulivyosimuliwa wewe, kinachekesha. Mtu mwenye akili timamu akiwekewa hayo yote mezani angetarajia nini? Hamkuwa mmekosea kudharau. Mlipewa taarifa, mkazitumia.

Angalia sasa muvi yenyewe ilivyofanya. Mwanzoni mtu anafiwa na mke. Mbwa analetwa mlangoni, na kumbe aliyemwandaa ni huyo marehemu kabla hajafa, ili mumewe asibaki peke yake. Wezi wa gari wanaingia usiku, wanamuua mbwa na kuondoka na gari. Kisha linakuja tukio ambalo nadhani ndilo lililowafukuzia usingizi. Viggo, bosi wa Warusi, anampigia simu Aurelio mwenye gereji kumuuliza kwa nini amempiga mwanawe. Aurelio anamjibu kwa utulivu kwamba kijana ameiba gari la John Wick na kumuua mbwa wake. Viggo anatoa sauti moja fupi, "Oh", na simu inaishia hapo. Hatukani, hapigi meza. Michael Nyqvist, aliyemwigiza, anaiacha habari imshuke usoni. Baadaye anamweleza mwanawe yule mtu ni nani, na huku anaeleza, sisi tunaonyeshwa Wick akiivunja sakafu ya zege kwa nyundo kubwa, akifukua vitu alivyovizika. Steling bado hajafyatua risasi hata moja na tayari unawahurumia majambazi.

Mlikuja na matarajio ya chini kutoka nyumbani. Muvi ikayapokea, ikayapandisha yenyewe mbele ya macho yenu, kisha ikayalipa. Matarajio mnayoyaleta mlangoni yana uzito kwa muda mfupi tu, tuseme robo saa. Baada ya hapo muvi yenyewe ndiyo inayowapangia mtarajie nini, na ikishindwa kazi hiyo hakuna dharau itakayoiokoa.

Kuhusu malipo, naomba univumilie, maana hapa ndipo penye kazi yangu. Mimi ni mhariri wa picha, nakata na kuunga. Kwa karibu miaka kumi kabla ya 2014, muvi nyingi za mapigano kutoka Marekani zilifuata mtindo uliopata nguvu baada ya The Bourne Supremacy ya Paul Greengrass, 2004: kamera inatikisika, na picha inakatwa kabla hujaona ngumi imetua wapi. Greengrass alijua anachokitafuta. Walioiga, wengi wao walikuwa wanaficha kitu. Steling hajui kupigana, basi mhariri anapigana kwa niaba yake. Reeves alifanya mazoezi kwa miezi kadhaa, judo, jujitsu na bunduki, ndipo Stahelski akaweza kuirudisha kamera nyuma, kuonyesha mwili kuanzia kichwa hadi kiatu, na kuiacha picha iende. Kwenye lile pambano la klabu ya usiku unamwona mtu akivutwa, akiangushwa, akimalizwa, na mkono unaenda kubadilisha magazini ya risasi bila picha kukatwa. Risasi zinamwishia! Kwa sisi tuliokulia kwenye picha ambazo bastola moja inapiga tangu jina la kwanza hadi la mwisho, hilo peke yake ni starehe.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa ubaya wake, chukua mfululizo wa Taken. Ya kwanza iliingia kumbi za Marekani mwishoni mwa Januari 2009, karibu mwaka mzima baada ya kuonyeshwa Ufaransa. Januari kule ni msimu ambao studio humwaga picha ambazo hazina imani nazo, kwa sababu watu wametoka kwenye sikukuu na mifuko haina kitu. Liam Neeson, mzee wa miaka hamsini na kitu aliyejulikana kwa picha za kulia, mwenyewe alishasema alidhani itaishia kwenye DVD tu bila kufika ukumbini. Iligharimu dola milioni 25 hivi na ikaingiza zaidi ya milioni 220. Ni muvi ya dakika 90 na ushee isiyo na tawi hata moja: binti katekwa, baba anamfuata. Mazungumzo yake ya kwenye simu yameigwa na kila mchekeshaji duniani.

Basi ikaja Taken 3, ambayo sasa watu waliingoja. Humo mna sehemu Neeson anaruka uzio. Uzio wa kawaida. Nenda kaiangalie uhesabu: katika takriban sekunde 6 picha imekatwa zaidi ya mara kumi. Huwezi kujua mguu wa nani uko wapi. Kila ninapokutana na kijana anayejifunza kuhariri, hiyo ndiyo sehemu ninayomwekea, na sihitaji kuongeza neno. Aliyeiingia bila kutarajia chochote naye alitoka bila chochote.

Twende kwenye kucheka. 21 Jump Street ilitoka Machi 2012 na ilikuwa na kila sababu ya kudharauliwa. Ni marudio ya tamthilia ya televisheni iliyoanza 1987. Waongozaji wake, Phil Lord na Chris Miller, filamu yao moja ndefu kabla ya hapo ilikuwa ya katuni. Channing Tatum alijulikana kwa kudansi na mapenzi, hakuna aliyejua kama anaweza kuchekesha. Wao wenyewe walijua mnavyowafikiria. Mapema kabisa kwenye muvi, mkubwa wa polisi anawaambia wale askari vijana wawili kwamba kitengo chao ni mradi wa zamani uliofufuliwa kwa sababu wakubwa wameishiwa mawazo na wanategemea hakuna atakayegundua. Anaongelea idara ya polisi, lakini kila aliyeko ukumbini anajua anaiongelea muvi. Muvi imekutangulia kujidharau, na wewe dharau yako huna tena pa kuitumia.

Kumbuka kile kipande cha barabara kuu, majambazi wenye pikipiki wanawafukuza. Pikipiki inateleza kuelekea lori la mafuta, cheche zinaruka, mafuta yanamwagika. Umeshaona picha mia za namna hiyo, mwili umeshajikunja ukisubiri mlipuko. Hakuna kitu. Linakuja lori jingine la hatari, mnajikunja tena. Hakuna kitu, na wale jamaa nao wanashangaa kama nyinyi. Mwisho wa yote linalolipuka, kwa moto mkubwa usio na sababu, ni lori la kuku. Mwaka 1790 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba kicheko huzaliwa pale matarajio yaliyokazwa yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Sidhani alikuwa na kuku akilini, lakini mpangilio ni ule ule. Na tazama: kipande hicho hakimchekeshi asiyetarajia kitu. Kinamchekesha aliyeona muvi za mapigano za kutosha mpaka anajua lori la mafuta hufanya nini. Mlicheka hadi jirani akagonga ukuta kwa sababu mlikuwa mnatarajia, tena mnatarajia kwa utaalamu. Mwonyeshe mume wako aya hii.

Ndiyo maana vichekesho na ngumi ni aina mbili zinazoongoza kwa kuwashangaza watu kwa uzuri, na pia kwa kuwakera. Zote mbili zinaishi kwa maandalizi, na maandalizi ndiyo kitu kisichoingia kwenye trela. Una dakika mbili, mbili na nusu, kuuza muvi. Ya kuchekesha utaiuza kwa kuonyesha vichekesho vyenyewe, vikiwa vimekatwa na kuondolewa kilichovitangulia. Matokeo yake ni moja kati ya mawili. Ama kichekesho kinaonekana cha kipumbavu kwa sababu hujui kilipoanzia, na unaidharau muvi nzuri. Ama kinachekesha sana, na ukienda ukumbini unakuta ndicho pekee kilichokuwemo, nawe umeshakicheka nyumbani bure. Za ngumi zina ugonjwa huo huo: mlipuko ambao humjui mtu aliye karibu nao ni moshi tu.

Wakati mwingine trela inadanganya waziwazi. Drive ya 2011, aliyoigiza Ryan Gosling, ni muvi ya taratibu, ya ukimya mwingi na damu ya ghafla. Trela yake ilimfanya mama mmoja wa Marekani aamini anakwenda kuona magari yanafukuzana mwanzo mwisho, na alipokuta sivyo akafungua kesi. Kesi haikufika mbali. Lakini siwezi kumcheka sana: muvi ilikuwa nzuri, akakasirika, na muvi ile ile kama angeikuta kwa bahati tu akikimbia mvua labda angeipenda.

Asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, nazo zinawapotosha wengi. Watu wanaona 92 wanadhani muvi imepata alama 92 kati ya 100. Siyo. Namba ile inaonyesha wahakiki wangapi katika mia wameipa muvi maoni mazuri kwa jumla. Wahakiki mia wakisema "si mbaya, inaangalika", inapata mia kwa mia. Nyingine nusu ya watu wataiabudu na nusu kuichukia, itapata hamsini, na huenda wewe uko kwenye nusu ya kwanza. Muvi za ngumi na za kuchekesha ndizo zinazoumizwa zaidi na hesabu hii, kwa sababu zinachagua watu wake.

Sasa ile muvi ya mwaka mzima. Hukuitaja jina na sikuulizi. Lakini kwenye barua yako umepita haraka sana juu ya jambo moja: mbili za kwanza mliziangalia pamoja, na hii kila mtu kwenye simu yake. Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aligundua kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka mara 30 hivi zaidi kuliko akiwa peke yake. Mara thelathini! Huwezi kulinganisha muvi mliyoiona mkiwa wawili kwenye kochi na muvi uliyoiona umelala ubavu, skrini ya kiganja, meseji zinashuka juu ya uso wa steling, kisha ukatoa hukumu kwamba tofauti ni matarajio. Matarajio yalichangia, sikatai. Ila na Dodoma nayo ilichangia.

Wanaolijua hili kuliko mtafiti yeyote ni watu wa vibanda umiza. Aliyekaa kwenye benchi la kibanda akimsikiliza Lufufu kwa Tanzania, au DJ Afro kwa Kenya, anajua kwamba picha ya Kichina au ya Kimarekani isiyo na jina lolote inaweza kugeuka kuwa jioni ya kukumbukwa. Yule mtafsiri hatafsiri tu. Anakwambia nani steling, nani msaliti, anakutahadharisha kwamba huyu mwenye kanzu nyeusi mtamwona mbele, anamtania adui kabla hajapigwa. Anayashika matarajio ya watu sitini kwa mkono mmoja na kuyapandisha na kuyashusha anavyotaka. Muvi ya wastani ikipata mtu wa namna hiyo inakuwa nzuri sana, na hiyo ni kazi ya mtu, wala si bahati ya aliyeshusha matarajio.

Uganda wameliingiza jambo hilo ndani ya muvi yenyewe. Isaac Nabwana, pale Wakaliga, kitongoji cha Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa bajeti ambayo haifiki dola mia mbili, bunduki zikiwa za vyuma chakavu na waigizaji wakiwa majirani. Trela yake ilisambaa YouTube mwaka 2010. Nakala ya awali haipo tena, kwa sababu ilifutwa kwenye kompyuta ili kupisha kazi iliyofuata. Iliyobaki ni yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie, juu yake, akiisifia, akiitania, akiwashangilia makomando. Watu wa Ulaya na Marekani waliifungua ili waicheke. Lakini Alan Hofmanis wa New York aliona trela tu akapanda ndege kwenda Wakaliga, na baadaye akahamia huko akawa anafanya nao kazi. Huko alikuta watu wanaojua mapigano yapangwe vipi na wanaofanya kazi kuliko studio nyingi. Muvi ile haikupona kwa sababu watazamaji walishusha matarajio. Walishusha, ndiyo, lakini wako maelfu wanaoweka video mbovu mtandaoni kila siku na hakuna anayepanda ndege.

Kipimo ninachokitumia mimi ni kurudia. Mshangao hutumika mara moja. Ukiiweka John Wick mara ya pili unajua mbwa atakufa, unajua Viggo atasema nini, matarajio yako sasa ni makubwa kuliko yalivyokuwa. Kama bado inakushika, basi kilichokushika ni muvi. Mimi naamini itawashika, na ile sehemu ya simu itakuwa tamu zaidi kwa sababu mtakuwa mnaisubiri. 21 Jump Street itapoteza kidogo, vichekesho hupoteza siku zote, lakini mtaona mambo madogo ya nyuma yaliyowapita mkiwa mnagongewa ukuta. Ziko nyingine zitakazoanguka vibaya kwenye kipimo hiki, na hizo mume wako azichukue, ni zake kihalali.

Siwashauri mjifunze kutarajia kidogo. Kwanza haiwezekani, mtu hawezi kujidanganya huku anajua anajidanganya. Pili, kusubiri ni sehemu ya raha, na mtu anayejinyima kusubiri ili asivunjike moyo amejipunja. Ninachowashauri ni kupunguza mnachokijua. Trela ya kwanza inatosha. Ya pili na ya tatu ndizo zinazomwaga kila kitu. Kabla ya kuweka muvi ya ngumi, badala ya kuangalia asilimia, tafuteni jina la mwongozaji na la aliyepanga mapigano, kisha muone wamefanya nini kabla. Ya kuchekesha msiiweke mtu mmoja akiwa safarini. Na hata ile mliyoidharau, muipe robo saa ya kwanza bila simu mkononi, kwa sababu huko ndiko wanakozika vitu watakavyokuja kuvifukua saa moja baadaye. Anayedharau huku anachati anavikosa vyote, halafu anasema muvi haieleweki.

Ile ya mwaka mzima iacheni kwanza. Ikipita miezi kadhaa, makelele yakitulia, iwekeni kwenye televisheni mkiwa wawili. Ikiwachosha tena, ni mbovu.

Mkitaka kitu cha Jumamosi hii, mwambieni kijana wa flashi awatafutie Game Night ya 2018. Nikiwaambia nikionavyo nitakuwa nimewaharibia, basi chukua haya tu: ni watu wazima wenye kazi zao ambao kila wiki wanakutana sebuleni kucheza michezo, na wana jirani askari mwenye mbwa mdogo mweupe ambaye hawataki kumwalika. Trela msiifungue.